Kupanga diski na voliumu kwenye kontrola ya RAID: mwongozo kwa fundi anayeanza

"Fundi, nimechomeka diski zote, taa zinawaka kijani, lakini Windows inasema hakuna diski." Ujumbe wa namna hii naupata mara kwa mara, mara nyingi kutoka kwa kijana aliyetoka kununua seva iliyotumika Kariakoo, na mteja wake kakaa pembeni anasubiri. Jibu lake ni fupi. Kontrola ya RAID ni kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Seva yenye kadi hiyo haiuonyeshi mfumo endeshi zile diski ulizochomeka. Inauonyesha voliumu ulizozitengeneza wewe. Kama hujatengeneza, hakuna cha kuona.

Kutengeneza voliumu kwenyewe ni kazi ya dakika kumi. Kinachowaponza watu ni yale wasiyoyafanya kabla na baada ya dakika hizo, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Maneno ya kuelewana kwanza

Kundi ni diski kadhaa zilizofungwa pamoja. Voliumu ni kipande kinachokatwa kutoka kwenye kundi na kupewa mfumo endeshi kama diski moja. Kwenye seva za HP utaona "Array" kwa kundi na "Logical Drive" kwa voliumu. Kwenye Dell voliumu inaitwa "Virtual Disk", na kwenye kadi za LSI, ambazo sasa ni za Broadcom, inaitwa "Virtual Drive". Kitu ni kilekile. Diski ya akiba ni ile inayokaa bila kazi ikisubiri mwenzake afe ili ichukue nafasi.

Jambo moja linawachanganya wengi: voliumu mbili zilizokatwa kwenye kundi moja hazilindani. Zinakaa juu ya diski zilezile, kundi likianguka zinaanguka zote. Ukitaka mfumo endeshi utengane kweli na data, tengeneza makundi mawili.

Na RAID si bekapu. Mtumishi akifuta faili, RAID inalifuta kwenye diski zote kwa uaminifu mkubwa. Kama mteja hana fedha ya vyote viwili, mwambie anunue bekapu kwanza.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bekapu ya chochote kilichomo kwenye diski hizo. Kutengeneza kundi jipya kunafuta.
- Diski zinazofanana ndani ya kila kundi: SAS na SAS, SATA na SATA (hizo ni aina mbili za kiunganishi cha diski), SSD na SSD. Ukichanganya ukubwa, kontrola inazihesabu zote kwa kipimo cha iliyo ndogo. Diski tatu za 4 TB na moja ya 2 TB ni sawa na kununua nne za 2 TB.
- Diski zilizotengenezwa kwa ajili ya seva. Diski ya kompyuta ya mezani ikikutana na sehemu mbovu inaweza kuhangaika nayo muda mrefu, na kontrola ikaiona imekufa na kuitupa nje ya kundi. Za seva huachia baada ya kama sekunde 7 na kuiacha kontrola imalize kazi.
- Kontrola yenye kumbukumbu yake (cache) na betri nzima. PERC ni jina la kontrola za Dell; PERC H310 na H330 hazina kumbukumbu hiyo kabisa, kwa hiyo uandishi kwenye RAID 5 utakuwa wa kusuasua.
- UPS. Kwa umeme wetu unavyokatika, hili halina mjadala.
- Flashi mbili: moja ya mfumo endeshi, moja ya draiva ya kontrola.
- Karatasi, kalamu ya wino usiofutika, na lebo ndogo za kubandika kwenye trei.

Ukinunua diski za SAS zilizotumika, muulize muuzaji zilitoka wapi. Nyingi zimetolewa kwenye mitambo mikubwa ya kuhifadhia data ambayo hutumia sekta za baiti 520 badala ya 512. Kontrola ya kawaida itaiona diski hiyo lakini itakataa kuiingiza kwenye kundi. Dawa ipo: ichomeke kwenye kadi isiyo ya RAID, au weka kontrola kwenye hali ya HBA (ya kupitisha diski moja kwa moja bila RAID) kama inaruhusu, kisha kwenye Linux andika `sg_format --format --size=512 /dev/sg3`, ukibadili namba iwe ya diski yako. Hakiki namba hiyo mara mbili, kwa sababu amri hii inafuta kila kitu. Huchukua saa nyingi kwa diski kubwa, na umeme ukikatika katikati, diski haitakubali kazi mpaka uirudie fomati hiyo tangu mwanzo.

Chagua aina ya RAID ukiwa mezani

Amua kabla hujaiwasha seva, maana kubadili baadaye si rahisi kama menyu inavyokuaminisha.

RAID 1 ni diski mbili zinazonakiliana. Inatosha kwa mfumo endeshi. RAID 0 haina kinga yoyote, usiiweke kwa mteja. RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja, RAID 6 zozote mbili. RAID 10 ni jozi za RAID 1 zilizounganishwa: inavumilia moja kwa uhakika, na mbili kama hazikutoka jozi moja.

RAID 5 ndiyo inayopendwa kwa sababu kinga yake inakula nafasi ya diski moja tu. Mimi siiweki tena kwa diski za 4 TB na kuendelea, na sababu ni hesabu. Diski moja ikifa, kontrola inalazimika kusoma zilizobaki zote toka mwanzo hadi mwisho ili ijaze mpya. Kwa kasi ya MB 150 kwa sekunde, 4 TB inachukua zaidi ya saa 7, tena seva ikiwa haina kazi nyingine. Watu wakiwa kazini inaweza kufika siku nzima na zaidi. Muda wote huo huna kinga, na diski zilizobaki, ambazo zilinunuliwa siku moja na kuzeeka pamoja, zinafanyishwa kazi kuliko siku zote. Ya pili hupenda kufa hapo.

Kwa hifadhidata ya mauzo au uhasibu chagua RAID 10. Kila uandishi mdogo kwenye RAID 5 unazaa kazi nne kwenye diski, kwenye RAID 6 sita, kwenye RAID 10 mbili tu. Kwa faili za kawaida, picha na video za kamera, RAID 6 inafaa.

Tuchukulie mteja ana duka la jumla Buguruni, seva ina SSD mbili za 480 GB na diski tano za 4 TB. SSD zote mbili zinakuwa RAID 1 ya mfumo endeshi. Diski nne zinakuwa RAID 10 ya data, ya tano inakuwa akiba. Voliumu ya data itakuwa 8 TB, ingawa skrini itaandika kama 7.27, kwa sababu watengenezaji wa diski wanahesabu kwa elfu na kompyuta inahesabu kwa 1,024. Mweleze mteja mapema asije akadhani ameibiwa.

Kazi yenyewe

1. Chora ramani ya matundu. Kabla ya kuchomeka, andika namba ya siriali ya kila diski na tundu inaloingia, kisha bandika lebo kwenye uso wa trei. Dell huanza kuhesabu matundu na 0. HP huanza na 1 na huandika kwa mtindo wa 1I:1:4, yaani bandari, boksi, tundu.

   Usiiruke hatua hii. Niliitwa kwenye ghala moja la dawa ambako fundi aliambiwa "diski namba 3 imekufa". Akahesabu kwa kidole: moja, mbili, tatu, akachomoa. Kontrola ilikuwa inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo alichomoa namba 2 iliyokuwa nzima. RAID 5 ikabaki na diski mbili pungufu na voliumu ikazimika, wauzaji wakiwa wamepanga foleni kaunta. Tuliizima seva, tukairudisha diski mahali pake, voliumu ikaamka, lakini hifadhidata ilikuwa imekatwa katikati ya uandishi na haikufunguka. Bekapu waliyokuwa nayo ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Mama mwenye ghala alikaa na madaftari ya risiti siku nne akiingiza upya mauzo kwa mkono. Lebo ya shilingi mia ingemwokoa.

2. Sasisha femuwea, yaani programu ya ndani ya kontrola, na ya diski kama ipo. Ifanye sasa diski zikiwa tupu. Chomeka UPS kwanza.

3. Amua UEFI au Legacy, yaani njia mpya au ya zamani ya kuwasha seva, kwenye mipangilio yake. Ukibadili baada ya kupakia mfumo endeshi, seva haitawaka.

4. Ingia kwenye menyu ya kontrola. Kwenye Dell bonyeza F2 wakati wa kuwaka, kisha "Device Settings" na jina la PERC. Seva za zamani zilizo kwenye Legacy hutumia Ctrl+R. Kwenye HP Gen9 na Gen10 bonyeza F10, fungua Intelligent Provisioning, kisha Smart Storage Administrator. Kadi nyingi za zamani za LSI hutumia Ctrl+H.

5. Kagua kila diski kabla ya kuigusa. Unataka kuona "Ready", "Unconfigured Good" au "Unassigned". Ukiona "Foreign", diski hiyo ina mabaki ya RAID ya kule ilikotoka. Kama una hakika ni mabaki, chagua "Clear". Kama ni ya mteja na kuna data, simama hapo usome sehemu ya matatizo chini. Ukiona "Predictive Failure" irudishe dukani siku hiyohiyo, usikubali kuambiwa "inafanya kazi tu".

6. Tengeneza kundi la mfumo endeshi. Chagua SSD mbili, RAID 1, ukubwa wote, na uipe jina linaloeleweka kama MFUMO. Acha majina ya VD0 na VD1, miaka miwili baadaye hutakumbuka lipi ni lipi.

7. Tengeneza kundi la data. Diski nne, RAID 10, ambayo HP huandika 1+0. Ukubwa wa kipande cha mstari (stripe size) achana nao, ulioletwa na kontrola unatosha kwa kazi nyingi. Wapo wanaopoteza saa nzima hapo kwa faida ambayo mteja hataiona.

   Ukiwa kwenye Linux, kazi hiyohiyo kwa kadi za LSI:

   `storcli64 /c0 add vd type=raid10 drives=252:2-5 pdperarray=2 wb ra`

   Na kwa HP:

   `ssacli ctrl slot=0 create type=ld drives=1I:1:3,1I:1:4,2I:1:5,2I:1:6 raid=1+0`

   Namba za matundu badilisha kulingana na ramani yako. Usinakili za kwangu.

8. Panga kumbukumbu ya kontrola. Hapa tulia. "Write Through" maana yake kontrola haisemi "nimeandika" mpaka data ifike kwenye diski. Ni salama, ni polepole. "Write Back" maana yake inasema "nimeandika" data ikiwa bado kwenye kumbukumbu yake. Ni haraka mno, na umeme ukikatika, betri ya kontrola ndiyo inayoishikilia data hiyo mpaka urudi. Chagua "Write Back" ya kawaida, ambayo betri ikifa hujirudisha yenyewe kwenye "Write Through".

   Usichague "Force Write Back" ya Dell, "Always Write Back" ya LSI, wala "No-Battery Write Cache" ya HP. Hizo zinaiambia kontrola iendelee hata bila betri. Seva itakimbia, mteja atakusifu, kisha jioni moja umeme unakatika, UPS imechoka, na maandishi yaliyokuwa kwenye kumbukumbu yanapotea huku hifadhidata ikiamini yako kwenye diski. Na kumbukumbu ya diski zenyewe, "Disk Cache" au "Drive Write Cache", izime. Betri ya kontrola haiilindi hiyo.

9. Weka diski ya akiba. Ifunge kwa kundi la data moja kwa moja, "Dedicated", badala ya kuiacha ya wote. Hakikisha ukubwa wake haupungui ule wa wenzake hata kidogo.

10. Anzisha voliumu. "Fast" inafuta mwanzo na mwisho tu, na kontrola inaendelea na kazi iliyobaki nyuma ya pazia. Kwa diski mpya inatosha. Kwa zilizotumika mimi huchagua "Full" na kuiacha ilale inafanya kazi, kwa kuwa diski mbovu hujionyesha hapo, kabla data ya mtu haijaingia.

11. Chagua voliumu ya kuwashia, ile ya MFUMO, kisha pakia mfumo endeshi. Voliumu ya data ifomati kwa GPT, mtindo mpya wa kugawa diski, badala ya ule wa zamani wa MBR. MBR inaishia 2 TiB, na 8 TB yako itaonekana imekatwa.

12. Ivunje kwa makusudi. Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote. Weka faili kadhaa kubwa kwenye voliumu ya data, kisha seva ikiwa inawaka chomoa diski moja kwa mkono. Taa itabadilika, kontrola italia, na diski ya akiba itaanza kujengwa yenyewe. Fungua yale mafaili, yafunguke. Subiri ujenzi umalizike na uandike ulichukua saa ngapi, maana mteja atakuuliza siku ya kweli. Kisha rudisha diski uliyochomoa. Kontrola inaweza kuiita "Foreign", ifute na uiweke kuwa akiba mpya au fuata utaratibu wa kuirudisha mahali pake. Fundi aliyefanya hivi mara moja seva ikiwa tupu hatetemeki mikono siku ya tukio.

13. Weka taarifa za hatari. Sanidi iDRAC ya Dell au iLO ya HP (mitambo ya kusimamia seva kwa mbali), au programu ya kontrola, itume barua pepe diski ikifa au betri ikichoka. Kengele ya ndani ya chumba kilichofungwa haimsaidii mtu. Weka pia taarifa ya joto. Hapa mjini UPS hubeba seva lakini kiyoyozi hakimo, kwa hiyo umeme ukikatika mchana wa Januari, seva inaendelea kuchemka kwenye chumba kisicho na dirisha. Iunganishe UPS na seva kwa waya wa USB ili izime yenyewe chaji ikishuka.

14. Ratibu ukaguzi. "Patrol Read", inayosoma diski kutafuta sehemu mbovu, iwe inawaka, na "Consistency Check", inayohakiki kama data ya kwenye diski inalingana, angalau mara moja kwa mwezi, usiku wa Jumamosi.

Ramani ya hatua ya kwanza ibandike ndani ya mlango wa kabati la seva, na nakala nyingine abaki nayo mteja.

Mambo yakienda mrama

*Mfumo endeshi hauoni voliumu.* Kwenye Windows Server bonyeza "Load driver" na uonyeshe flashi ya draiva. Kama bado, hakikisha kontrola haiko kwenye hali ya HBA.

*Seva ilikuwa na kasi, ghafla imekuwa kobe.* Angalia betri ya kontrola kabla ya kulaumu programu. Betri ikifa, kontrola hushuka kwenye "Write Through". Badilisha betri. Usiilazimishe "Write Back".

*Taa ya chungwa kwenye trei.* Usichomoe kwa kuhesabu. Iambie kontrola iwashe taa ya diski mbovu: `storcli64 /c0/e252/s3 start locate`, au kwa HP `ssacli ctrl slot=0 pd 1I:1:4 modify led=on`. Linganisha siriali na karatasi yako. Ndipo uchomoe, usubiri kama nusu dakika, uchomeke mpya.

*Diski zote zinasema "Foreign" baada ya kubadili kontrola.* Mpangilio wa RAID umeandikwa kwenye diski zenyewe. Kontrola ya familia ileile itausoma, chagua "Import". Ukibonyeza "Clear" umeufuta. Diski zilizotoka HP hazitasomwa na PERC, hata ukibembeleza.

*Seva ya zamani ya HP inauliza F1 au F2.* F1 ni kuendelea voliumu ikiwa imezimwa. F2 ni kukubali kwamba data inaweza kupotea na kuiwasha. Wengi hubonyeza F2 kwa haraka. Bonyeza F1, zima, kagua waya na trei zote zimekaa vizuri, kisha washa tena.

*Ujenzi unaanza, unafika katikati, unakatika kila mara.* Diski nyingine kati ya zilizobaki ina sehemu isiyosomeka. Acha kujaribu, nakili data nje kwanza ikiwa voliumu bado inafunguka, ndipo ushughulike na diski.

*Voliumu imezimika kabisa na hakuna bekapu.* Piga picha skrini zote za kontrola kwa simu. Zima seva. Andika kila diski ilikuwa tundu gani. Usitengeneze kundi jipya juu yake, usianzishe voliumu, usirudie kuwasha na kuzima ukitumaini. Mpigie fundi mwenye uzoefu wa kuokoa data ukiwa na picha hizo na ramani mkononi, na umwambie kwa mpangilio kila ulichobonyeza, hata kile unachoona aibu kukitaja.